Saa Isiyo na Pua

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake kabla sijaikumbuka kwa sura yake, mwanangu. Na usikunje pua mapema, maana wewe ndiye uliyeniletea habari hizi nyumbani. Juzi umekuja hapa Mtongwe na karatasi za picha, ukanitandazia mkekani. Boti yako ya kutembeza wageni kule Shanzu ina choo, choo kina tangi la kuwekea uchafu, na tangi lataka kipimo cha kukujulisha limejaa kiasi gani. Ukanionyesha kimoja chenye taa za kijani na nyekundu, kingine cha kubandikwa nje kisichogusa kitu ndani, na kingine kinachokuletea habari kwenye simu ukiwa umelala kwako. Ukaniuliza kwa mzaha, "Nyanya, nichukue kipi?" Ukacheka, ukadhani sina jibu.

Basi kaa kitako. Kusoma kwangu mimi ni kwa chuoni, juzuu chache na tarakimu, kisha nikatolewa nikashike kazi. Lakini tangi la choo cha chombo nimelipima kabla mamako hajazaliwa. Kipimo chake nalikichagua mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, na nalikosea.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Bendera ilikuwa bado ni yake, lakini neno la uhuru lilikuwa lishaingia kila kinywa, hata vinywa visivyojua kunyamaza. Nalikuwa msichana wa miaka kumi na minane hivi. Posa yangu ilikuwa imeletwa na watu wa Kisauni, jibu halijatoka. Nalikaa na nyanya yangu, Bi Mwanaidi, aliyenilea tangu mama alipofariki, na shamba letu lilikuwa hii hori, mkono huu wa bahari unaouona hapo chini. Maji yakipwa twashuka na wanawake wenzetu, twatoa chaza kwenye mizizi ya mikoko, twatanda uduvi kwa shuka. Tulichokula kilitoka humo, na tulichouza kilitoka humo. Hati hatukuwa nayo, wala hatukujua kuwa maji yana hati.

Ndipo ikaja motaboti ya Bwana Salimu. Alikuwa mwenyeji wa Likoni, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, mwenye chombo kikubwa cha mashine alichokiita Nusura. Alikikodisha kwa watu waliokuwa wakijenga gati. Wafanyakazi kumi na wawili wakawa wanalala humo humo, na nanga ikatiwa mbele ya mikoko yetu. Wanaume kumi na wawili, mwanangu, na choo kimoja huko nyuma, shimo lake limetoboka moja kwa moja hadi majini.

Tulivumilia siku nne. Siku ya tano wanawake tukashuka sote, tukaingia majini hadi magotini, tukasimama mbele ya chombo kile. Chaza hatutoi na nyumbani hatuendi. Bwana Salimu akaja kwa ngalawa kutuuliza kuna nini. Bi Mwanaidi ndiye aliyetusemea. Alimwambia wahenga walinena, mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Hata anayehama hachafui kambi aliyolala, asije akarudi. "Na wewe hata hujahama, Salimu," akamwambia. "Ndiyo kwanza umefika."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa watu. Kila palipo na baraza la siasa alikuwa mstari wa mbele. Wakaelewana. Chombo kitiwe tangi la chuma, uchafu uhifadhiwe humo. Tangi likikaribia kujaa, chombo kitoke nje ya mwamba wakati maji yanapotoka, kimwage bahari kuu, kirudi. Na ili pasiwe na maneno, mmoja wetu awe akipanda kila asubuhi kuangalia uchafu umefika wapi. Bwana Salimu akaongeza, "Na kipimo chagueni nyinyi wenyewe, nisije nikaambiwa nimewadanganya."

Lishike neno hilo, tutalirudia.

Wakanichagua mimi, kwa sababu ya zile tarakimu zangu. Fundi aliyeunga tangi alikuwa Mutua, Mkamba aliyekaa Changamwe, mikono imeingia grisi hadi viwikoni na kinywa hakichoki. Alitutandazia gunia ufukweni, juu yake akaweka vitu vitatu, mimi na nyanya tumechutama mbele yake kama tunanunua samaki.

Cha kwanza kilikuwa bomba la kioo. Lasimamishwa ubavuni mwa tangi, kilichomo ndani chapanda kwenye kioo, nawe wakiona. Cha pili tulikiita saa. Kilikuwa duara ya shaba inayong'aa, uso wa kioo, tarakimu nyeusi na mshale mwekundu. Nyuma yake palikuwa na mkono mrefu wenye boya. Boya linaelea ndani ya tangi, likipanda mshale unasogea. Cha tatu hata hakikuwa kitu. Kilikuwa kipande cha bomba kifupi chenye kifuniko cha kuzungusha, kiungwe juu ya tangi, uwe wafungua, watumbukiza ufito, wautoa, watazama umelowa hadi wapi.

Mutua akasema kioo kitaziba kabla ya wiki kwisha. Saa nayo ni maridadi, akasema, lakini tatizo lake moja. "Saa hii haina pua, dada. Mimi ningechukua ufito. Ufito hajui uongo."

Nyanya hakumcheka Kiswahili chake. Aliichukua ile saa, akaigeuza, akauliza kabla ya hapo ilikuwa ikipima nini. Mutua akajibu ilitoka kwenye tangi la mafuta la meli iliyovunjwa. Nyanya akairudisha juu ya gunia. "Mafuta hayana makapi," akasema.

Sasa nikwambie jambo ambalo siku ile sikulisema. Mimi nalikuwa nishachagua kabla gunia halijatandikwa vizuri. Nalikuwa nishajiona nimeinamia kinyesi cha wanaume kumi na wawili, ufito mkononi, wao wamesimama na miswaki yao wakinitazama, mimi mwali mwenye posa. Mutua alikuwa ashavitangaza vipimo vyake vyote tangu jana yake, na wasichana wenzangu walikuwa washaanza kunong'ona kisimani, wakanipa na jina, Bi Kifuniko, kabla hata kifuniko hakijaungwa. Ile saa ingewekwa ukutani, nje ya choo. Ningepanda, nikatazama, nikashuka, buibui langu safi na mikono yangu safi. Nisingeona kitu, na hakuna ambaye angeniona nikiona.

"Saa," nikasema.

Nyanya yangu akainuka polepole, akajishika kiuno. "Umechagua kipimo cha tangi," akaniuliza, "au kipimo cha uso wako?"

Nalijitia nakung'uta mchanga kwenye kanga. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, mwanangu, na kidonda kile kilikuwa kinang'aa kweli kweli. Mutua akaiunga saa kama nilivyotaka. Lakini na kile kibomba chenye kifuniko akakiunga vile vile, bila ya kuambiwa na mtu. Alisema nyumba yenye mlango wa nyuma haijamuua mwenyewe.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Kila asubuhi napelekwa kwa ngalawa, napanda, nasoma mshale, nashuka kuwaambia wenzangu: robo, nusu, robo tatu. Ukifika robo tatu Nusura inatoka nje ya mwamba, inarudi nyepesi. Nalikuwa natembea kifua mbele. Niliposema "nusu" wanawake watu wazima walinisikiliza, na raha hiyo nayo ina ulevi wake.

Kisha mshale ukafika nusu, ukakaa.

Siku ya kwanza nusu. Ya pili nusu. Ya tatu, ya nne, mpaka wiki ikapinduka. Wale wanaume walikuwa wakila kama kawaida, tena walikuwa wakila dengu, na mshale haukusogea. Utaniuliza, nyanya, hukujua? Nalijua nusu, kama ile saa. Nusu ya pili ilikuwa chini ya kifuniko, na kifuniko sikutaka kukigusa. Naye Bwana Salimu hakutaka kugharimika mafuta ya kutoka nje ya mwamba bila ya sababu. Saa ile ilitupendeza sote wawili, yeye kwa ubahili wake na mimi kwa haya zangu. Kipimo kinachompendeza kila mtu, mwanangu, kitilie shaka.

Wakati huo yalikuwa maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, hori imelala tu kama maji ya beseni. Harufu ikaanza. Uduvi ukitoka kwenye shuka una utando. Kisha watoto watatu wakashikwa na tumbo, kuhara na kutapika, na mmoja wao alikuwa Zuhura, binti wa dada yangu aliyekuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Miaka minne. Nalikaa naye namnywesha maji ya mchele kwa kijiko, macho yameingia ndani, midomo imekauka kama ganda la chaza. Kila kijiko nilichomtia, nalikuwa nauona mshale mwekundu.

Nyanya akaja akasimama mlangoni. "Umefungua?"

"Saa yasema nusu, nyanya."

"Sikukuuliza saa yasema nini."

Nikamwambia ile ni najisi, nitaishikaje. "Najisi yaoshwa kwa maji," akasema. "Uongo utauosha kwa nini?" Akaondoka. Nyanya yangu alikuwa hajui kukaripia kwa maneno mengi. Alikuwa akikukata mara moja, anakuacha utoke damu mwenyewe.

Asubuhi yake wanawake walikuwa washajaa ufukweni, na Bwana Salimu ameitwa. Na kwa kuwa Mungu hakosi kukupa shahidi usiyemtaka, alikuwapo pia shangazi wa yule mchumba wangu, amevuka kutoka Kisauni kuja kutaka jibu la posa, ameshika mwavuli wake mweusi, anatazama.

Bwana Salimu hakupandisha sauti. Alisema saa yasema nusu, kila mtu aende akaione. Alisema uchafu huu umetoka kwingine, pengine ni vyoo vya mjini kwenu wenyewe. Kisha akalitoa lile neno aliloliweka akiba. "Na kipimo ni chenu. Mlichagua nyinyi, hamkuchaguliwa."

Wanawake wakanigeukia mimi. Mmoja, rafiki wa nyanya, akanivuta buibui, akaninong'oneza nisije nikasema saa ni mbovu, maana nikisema hivyo kosa limekuwa letu na Salimu ameshinda. Alikuwa ananitakia mema. Wengi watakaokwambia unyamaze, mwanangu, watakuwa wanakutakia mema.

Nikamtazama dada yangu. Alikuwa amembeba Zuhura begani, mtoto hata kichwa hawezi kukiinua. Mficha uchi hazai. Nikaingia kwenye ngalawa, nikamwambia Mutua, aliyekuwa amekuja na Salimu, nipe ufito.

Akanikatia ufito wa mkoko, mrefu kunishinda mimi, tukaenda naye. Nikapanda. Wale wanaume wote walikuwa wamesimama pale juu, kama nilivyokuwa nikiogopa, na miswaki yao. Nikakunja buibui, nikapiga magoti, nikazungusha kifuniko. Kilikuwa kimekaza; Mutua alitaka kunisaidia, nikamwambia ondoka. Kilipofunguka sikuhitaji ufito. Uchafu ulikuwa umepanda mpaka shingoni mwa bomba, wanitazama uso kwa uso. Upande wa pili wa chombo, ule usioonekana kutoka pwani, ulikuwa ukitiririka kwenye kijibomba cha kupumulia tangi, polepole, moja kwa moja hadi majini. Nikageuka nikaitazama saa. Nusu.

Ufito niliutumbukiza vile vile. Nalitaka watu waone. Nikashuka nao, nikarudi nao pwani nimeuinua juu, umelowa kutoka chini hadi karibu na mkono wangu, na watu wakanipisha njia, wallahi, kama ninayebeba bendera. Nikasimama mbele ya Bwana Salimu.

"Saa ni mbovu," nikasema, "na niliyeichagua ni mimi. Nyanya alinikataza, fundi alinikataza. Naliichagua kwa kuona haya kufungua kifuniko, na watoto hawa wameumwa kwa haya zangu. Mniseme mimi. Lakini tangi limejaa, Bwana Salimu, lamwagika upande wa pili, na kinachomwagika si cha saa. Ni chako."

Akarudi nyuma hatua moja, akakusanya kanzu yake. "Mwanamke mwenye haya zake," akasema, "hasimami mbele ya watu na kitu kama hicho."

"Haya zangu ziko usoni mwangu, kila mtu aziona," nikamjibu. "Zako zaelea majini."

Hakuna aliyecheka. Mutua peke yake ndiye aliyekohoa, kikohozi kirefu kisicho na mafua. Ndipo Bi Mwanaidi akatoka katikati ya watu, akamsogelea Salimu, akamzungumzia kwa upole kama anayezungumza na mwanawe. Akamwambia kila baraza wewe wasema uhuru waja, na mimi nakupigia makofi. Ukija, utatukuta hapa hapa kwenye hori hii. "Sasa niambie, huo uhuru utakuja kuoga wapi?"

Bwana Salimu alitazama chini. Alikuwa si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa mtu aliyepata saa inayosema alichotaka kusikia. Maji yalipoanza kutoka mchana ule, Nusura ilitoka nje ya mwamba, na yeye mwenyewe alikuwamo, na kanzu yake.

Mutua aliing'oa ile saa siku ya pili. Mkono wa saa ulikuwa umeshikwa na taka zilizogandamana, boya limevimba uchafu kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta, haliwezi kupanda wala kushuka. Kwa nje uso wake ulikuwa bado unang'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Zuhura alipona, alhamdulillahi, na wenzake pia. Nami tangu siku ile nalipima kwa ufito, kila asubuhi, mpaka gati lilipokwisha na Nusura ikaondoka. Nalichonga alama tatu kwa kisu, nikautia sabuni na mchanga kila nikimaliza, nikajiosha, nikaenda zangu. Wasichana waliponiita Bi Kifuniko nikaitika "Abee", kwa sauti, mpaka utamu wa kuniita ukawaishia.

Na yule shangazi mwenye mwavuli? Alikuja nyumbani jioni ile ile. Akakaribishwa kahawa, akauliza kwa adabu kama mwali anayeposwa ndiye yule aliyekuwa na ufito. Mimi niko nyuma ya pazia, roho iko mkononi. Nyanya akasema, "Ndiye. Mkitaka asiyefungua vifuniko, nyumba nyingi Mombasa." Shangazi akanywa kahawa yake mpaka kwenye machicha. Kisha akasema, "Kwetu viko vifuniko havijafunguliwa tangu babu yangu. Tupeni huyo." Ndiye aliyenifikisha kwa babu yako.

Sasa tuzirudie karatasi zako. Hicho cha taa za rangi, kama kina kitu ndani ya tangi kinachogusa uchafu, jua kuwa siku moja uchafu utakishika. Hicho cha kubandikwa nje kisichogusa kitu chanipendeza zaidi, na nimekwambia mara moja kuwa kinachopendeza kitiliwe shaka. Hicho cha simu kiache. Mtu aliye kwake kitandani hajui tangi lake, ajua simu yake. Chukua utakacho, lakini kabla hujanunua muulize muuzaji swali la Bi Mwanaidi, kuwa kitu hiki kilitengenezwa kupima nini. Akikwambia maji safi, mrudishie. Na popote utakapokitia, fundi akuachie na kifuniko cha kufungua kwa mkono. Ukifungue kila wiki, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Na mshale, au taa, au chochote kile, kikisema neno moja siku tatu na watu wanaingia chooni, usikishukuru. Kifungue.

Hiyo ni ya boti. Ya kwako wewe ni hii: usichague kitu kwa sababu kinakuepusha kutazama. Ukikosea, liseme kosa lako wewe wa kwanza, kwa sauti, kabla mwenye uchafu hajalifanya kosa lako kuwa pazia lake. Atakwambia huna haya. Mwache aseme. Watu wa hori hii wanakula kutokana na maji hayo mpaka leo, na hakuna aliyewahi kufa kwa kuitwa Bi Kifuniko.

Mungu akupe mkono usiotetemeka juu ya kifuniko, akupe pua ya kukuamsha pale macho yanapobembelezwa, akupe na ulimi wa kulisema usilolipenda. Chombo chako kiende salama na kirudi salama, na maji utakayopita uyaache kama ulivyoyakuta. Amina.

Haya, nenda kalitazame hilo tangi lako sasa hivi, kabla jua halijapanda. Ukimaliza nawa mikono vizuri, uje tule chaza.